Jiwe Hakukosea

Hakuna swali lililomkera Jiwe kama lile la shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza magodoro. "Shemeji, kazi umepata?" Kila wanapokutana ni hilo hilo, hata salamu haijakauka mdomoni. Na Jiwe, ambaye kwa miaka sasa alikuwa akilipa kodi ya nyumba, maji, umeme, na hata kile kiti alichokikalia shemeji mwenyewe, alijibu kwa sauti ya upole, "Nipo kazini, shemeji." Basi muuza magodoro angecheka mpaka kitambi kitikisike. "Pata potea nayo siku hizi ni kazi! Ama kweli tutaona mengi."

Pata potea! Hebu mwambie mwashi kwamba anachezea matope, uone kama hatakurushia mwiko. Pata potea ni karata tatu za matapeli wa kituo cha mabasi, mtu mmoja anageuza na wenzake wanajifanya wateja. Jiwe alicheza poka, mchezo wa watu wazima na akili zao. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, nyingine tano zinafunuliwa katikati ya meza, moja baada ya nyingine, ziwe za wote. Mwenye mkono bora, yaani mpangilio bora wa karata, anachukua fedha za mezani. Au mwenye mkono mbovu akiwatisha wenzake mpaka wakazitupa karata zao, yeye ndiye anachukua. Ndiyo maana nusu ya kazi ni hesabu, na nusu nyingine ni kumsoma mtu.

Na hakufundishwa na yeyote. Zamani alikuwa muuza simu dukani, na mwenye duka alipofunga milango akapotea na mishahara yao, Jiwe alibaki nyumbani na pakiti ya karata iliyokosa malkia wa maua. Akakata kipande cha boksi la sabuni, akachora malkia kwa kalamu, akaanza. Alipanga vijiko sita kuzunguka meza ya jikoni, kila kijiko ni mchezaji, akavigawia karata asubuhi mpaka jua linazama. Kijiko hiki mwoga, kile mlevi, hiki kinajifanya kinajua. Mama mkwe aliwahi kuingia akamkuta anakigombeza kijiko. Aliondoka kimya kimya, akampigia binti yake simu kumuuliza kama mumewe anakula vizuri.

Jina la Jiwe alipewa na wenzake wa mezani kwa sababu ya uso wake. Apate ree mbili, karata kubwa kuliko zote, au apate takataka, uso ni ule ule. Wakadhani ni mtu mtulivu. Watulie wao! Ndani Jiwe alikuwa anachemka kama sufuria ya uji iliyosahauliwa. Lifti mbovu ya jengo ilimkera. Bomba la jikoni lililodondosha maji usiku kucha lilimkera. Wajinga waliomshinda kwa bahati na kisha kumpa nasaha, hao ndio walimkera zaidi. Yote aliyameza, kwa sababu uso ndio jembe lake, na jembe halichezewi.

Mtu wa kwanza kucheza naye, ukiacha vijiko, alikuwa mkewe. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Alirudi kazini miguu imevimba, akavua viatu, akakaa upande wa pili wa meza, wakacheza kwa punje za maharage. Wakacheka sana siku zile. Na wiki ya kwanza tu Jiwe akagundua jambo. Mkewe hawezi kudanganya. Akiwa na karata mbovu na anataka kumtisha mwenzake, mikono yake inatafuta kitu cha kupangusa. Atapangusa meza iliyo safi, kikombe kikavu, hata mkono wa kiti. Mdomo unasema hivi, kitambaa kinasema vile.

Hakumwambia. Wachezaji wa poka wana miiko yao, na mkubwa ni huu: ukijua dalili ya mtu, humwambii, hata awe ndugu yako wa damu. Ukimwambia ataiacha, na utakuwa umejipofusha mwenyewe.

Mwanzoni dalili ile aliitumia vizuri, lazima tumpe haki yake. Mkewe akirudi, akasema "Niko salama tu," huku anapangusa sinki, Jiwe alijua kuna mtoto aliyefariki wodini siku hiyo. Angenyanyuka bila kuuliza, akabandika chai, akamkanda miguu, na baada ya muda mwenzake angesema mwenyewe. Mkewe alikuwa akiwaambia rafiki zake, "Mume wangu ananijua mpaka ndani." Lakini kazi ilipokua, na meza zikawa kubwa, na wapinzani wakawa wakali, chai ilipungua. Kujua kulibaki. Alijua nani kavunja glasi, alijua zawadi ipi haikumpendeza, alijua, akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye simu yake kutazama mikono ya jana.

Sasa tufike kwenye Jumamosi yenyewe.

Kasino ya hoteli moja ya mjini iliandaa mashindano, na mshindi angepelekwa nje ya nchi, kwa gharama zao, kukaa meza moja na mabingwa. Jiwe aliisubiri siku hiyo kama mtahiniwa. Alijiona amerudi, na shemeji anamuuliza swali lake, na yeye anatoa pasipoti tu, anaiweka juu ya godoro mojawapo.

Lakini Alhamisi ya wiki hiyo mkewe alirudi na habari. Matroni amempendekeza akawe mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali mpya, mji mwingine, safari ya siku nzima. Jibu linatakiwa Jumamosi mchana, kwa sababu gari la hospitali linapeleka vitanda huko jioni ya siku hiyo, na mkuu wa wodi aende nalo.

"Jumamosi niko mapumziko," alisema. "Tukae, tuzungumze."

"Jumamosi nina kazi."

"Kesho basi."

"Kesho nafanya mazoezi. Mke wangu, hii ni Jumamosi moja tu katika maisha yangu."

"Na mimi hii ni nafasi moja tu katika maisha yangu," alisema mkewe, akaenda kuoga.

Ijumaa ikapita hivyo hivyo, mmoja na vijiko vyake, mwingine zamu ya usiku.

Jumamosi asubuhi Jiwe alikuwa anafunga kamba za viatu. Mkewe alisimama karibu na jiko. Alikuwa ametoka zamu bila kulala, macho mekundu. Simu yake ilikuwa juu ya meza.

"Ukitoka hapo mlangoni," alisema, "nampigia matroni namwambia ndiyo. Na jioni naondoka. Nakwambia kabisa, naondoka na sirudi."

Jiwe akainua macho. Mkewe alikuwa ameshika kitambaa, anapangusa jiko. Jiko lenyewe lilikuwa linang'aa, alilisugua nusu saa tu iliyopita. Anazungusha kitambaa palepale, palepale.

Sasa hapo, ndugu yangu, mtu mwingine angefanya nini? Mtu asiyejua lolote, muuza magodoro kwa mfano, angeshtuka. Angevua kiatu kimoja angalau. Lakini Jiwe hakuwa mtu asiyejua. Alimtazama mkewe kama anavyowatazama watu wa mezani, taratibu, kuanzia mikono, akapanda mpaka kooni, akatulia hapo. Na moyo wake ukapoa. Anatisha tu huyu. Hana karata.

Akanyoosha mkono, akaisukuma ile simu juu ya meza mpaka ikafika mbele ya mkewe.

"Haya," akasema. "Mpigie sasa hivi, nisikie."

Kitambaa kikasimama. Mkewe akaitazama simu, akamtazama yeye. Hakuigusa.

Jiwe akatabasamu kidogo. "Nilijua," akasema. Akachukua kofia, akashuka ngazi ghorofa tatu kwa sababu ya ile lifti ya laana, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyeianza siku kwa ushindi.

Ukumbi wa kasino haukuwa na saa ukutani wala dirisha lililo wazi. Pazia zito, zulia jekundu lenye harufu ya sigara za zamani, na kipoza hewa kilichowafanya wahudumu wavae sweta juu ya sare. Jiwe alicheza siku ile, wallahi, alicheza. Alitupa karata ambazo wengine wangezifia. Alimsoma mwanasheria mmoja kutokana na jinsi alivyomeza mate, akamtoa. Alimsoma dada mmoja mwenye miwani ya jua, aliyedhani miwani inaficha, kumbe masikio yanamgeuka mekundu. Akamtoa. Meza zikavunjwa, zikaunganishwa, na kufikia alasiri walibaki wawili, yeye na mfanyabiashara mmoja wa mabati ya kuezekea, ambaye ukumbi mzima ulimwita Mabati.

Ole wake mtu wa kupambanishwa na Mabati! Bwana yule alikuja kustarehe. Alikunywa soda, akazungumza na simu, akacheza karata yoyote iliyompendeza rangi. Hasomeki, kwa sababu hana alichoandika. Jiwe alimngoja kwa subira ya mvuvi wa bwawani, na hatimaye akapewa ree mbili, mkono bora kuliko yote. Akapandisha dau. Mabati akafuata. Zikafunuliwa tisa, saba na mbili. Jiwe akapandisha tena. Mabati akafuata. Akafunuliwa malkia. Jiwe akasukuma chipu zake zote, zile sarafu za plastiki za kuwekea dau, katikati, na Mabati, bila hata kukata maongezi yake ya simu, akasema, "Twende."

Wakafunua. Mabati alikuwa na saba na nne! Saba na nne, jamani, tena za rangi mbalimbali! Jozi ya saba mbele ya jozi ya ree, na imebaki karata moja. Katika karata arobaini na nne ambazo hazijaonekana, tano tu ndizo zingemwokoa. Jiwe alishaipiga hesabu hiyo kabla mgawaji hajagusa pakiti. Alikuwa ameshinda. Kwa haki yote, kwa akili yote, alikuwa ameshinda.

Ikaja saba.

Ukumbi ukalipuka. Mabati akacheka, akaiambia simu, "Nimepata safari, wewe!" Kisha akazunguka meza, akamshika Jiwe bega. "Pole, kaka. Karata ni bahati tu. Jifunze kuzifurahia." Uso wa Jiwe haukusogea hata chembe. "Hongera," akasema. Akaenda chooni, akafungua maji ya bomba mpaka mwisho, akapiga ukuta kwa kiganja mara kadhaa, maumivu yakapanda mpaka kiwikoni. Akaosha mikono, akaikausha, akatoka. Mlinzi wa mlangoni akamwambia jioni njema.

Alirudi kwa miguu, na njia nzima aliucheza upya mkono ule. Angepandisha zaidi mwanzoni? Hapana. Angesubiri? Hapana. Kila alipougeuza aliukuta sawasawa. Na hilo ndilo lililomkaba, bora angekuwa amekosea. Mtu aliyekosea ana la kurekebisha. Wewe umefanya kila kitu barabara na bado umeambulia patupu, utarekebisha nini?

Akapanda ghorofa zake tatu, akafungua mlango, na maneno yakaanza kumtoka kabla hajavua kofia.

"Saba na nne! Unasikia? Mtu anaweka kila kitu kwa saba na nne! Mimi nina ree mbili. Ree mbili! Halafu ananiambia jifunze. Mimi! Nijifunze kwa mtu anayeshika karata kama risiti ya sokoni!"

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, amevaa viatu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Siku hizi hakuwa akisikiliza habari za karata mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulicheza sawa," akasema.

"Sawa kabisa! Hakuna mtu atakayekuja kuniambia nilikosea."

"Na umeshindwa."

"Ndiyo! Ndilo hilo ninalosema! Ndilo linalo..." Hapo ndipo akaliona begi. Lile begi la bluu, kubwa, limejaa mpaka zipu imevutika, limesimama karibu na miguu ya mkewe. "Hilo nini?"

"Nimempigia matroni. Saa nne asubuhi. Gari liko njiani."

Jiwe akavuta kiti cha jikoni, asikikalie. "Lakini ulikuwa unanitisha."

"Ndiyo."

"Hukuwa na nia ya kwenda popote. Najua. Nilikuona."

"Uliona vizuri," akasema mkewe. "Sikuwa na nia. Hata begi sikuwa nimelitoa juu ya kabati. Nilitaka useme usiende. Basi. Hata ungekwenda kwenye mashindano yako, ungesema tu, mke wangu usiende, nikirudi tutazungumza. Ningekungoja."

"Sasa kama hukuwa na nia, umebadilishwa na nini?"

"Ulivyonitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu anayenipenda. Halafu ukanisukumia simu." Akalivuta begi karibu zaidi na mguu. "Ukanicheka."

Jiwe akafanya alichokifanya kila anapobanwa, akatafuta kuonyesha kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Akavunja mwiko mkubwa wa kazi yake. "Sikukucheka. Nilijua, ndiyo maana. Ukisema jambo lisilo la kweli unapangusa vitu. Tangu siku za maharage. Ulikuwa unapangusa jiko, nikajua huendi. Ungekuwa huna kitambaa mkononi, haki ya Mungu nisingetoka."

Alidhani amejitetea. Alidhani mkewe ataelewa kwamba hakupuuzwa, kwamba alisomwa, na akasomwa vizuri.

Mkewe akaitazama mikono yake, juu na chini, kama ya mtu mwingine.

"Tangu siku za maharage," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mwaka huu wote, nikirudi nikisema niko salama tu, nipo kwenye sinki. Ulijua siko salama."

Jiwe akashika mgongo wa kiti.

"Nakuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile waliyokufa mapacha?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa najiambia hajui, maskini. Ana mawazo yake, haoni, angeona angeuliza." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono. "Nilikuwa nakutetea. Kaka yangu akikusema, nakutetea. Kumbe ulikuwa unaona kila kitu, ukakaa nacho kimya kama karata zako."

Chini kukapigwa honi. Mara mbili, fupi.

Alitaka kusema. Alikuwa na mengi ya kusema, yalijaa mpaka menoni, nisamehe, usiende, nilikuwa mpumbavu, kaa, tuzungumze mpaka asubuhi, nitaiacha, nitauza magodoro. Lakini alikuwa ameufunza uso ule kwa miaka kwamba mambo yakizidi ufunge, na mdomo uko usoni. Ukafunga. Mkewe alimtazama, akamtafuta pale, mpaka honi ikapigwa tena, na hakuona kitu. Akanyanyuka.

Basi Jiwe, maneno yamemgomea, akafanya kwa mikono. Akalishika lile begi. Alikusudia kulirudisha chumbani. Alikusudia hivyo hasa, Mungu ni shahidi, alilibeba ili alipeleke chumbani, alifungue, aziweke nguo kabatini moja moja, hata ikichukua usiku kucha.

"Asante," akasema mkewe kwa upole, na akamfungulia mlango wa nje. "Ni zito, angalia mgongo wako."

Akatangulia kushuka. Jiwe akabaki kizingitini na begi, mlango uko wazi, viatu vya mkewe vinasikika ghorofa ya pili. Na yeye, aliyeweza kumsoma mwanasheria kwa mate yake, hakuweza kumwambia mtu mmoja tu, umenisoma vibaya. Akashuka. Ngazi ghorofa tatu, begi linampiga gotini, na kila alipofika kona alijiambia, hapa, nitasema hapa.

Gari lilikuwa limejaa vitanda vipya, bado viko kwenye nailoni. Mkewe alishakaa mbele, anatazama barabara. Dereva akashuka, akafungua nyuma, akamsalimia, akanyoosha mkono kupokea begi. Akalivuta. Halikuja. Akalivuta tena, akacheka kidogo kwa haya, akidhani mpini umekwama mahali.

"Achia, kaka," akasema. "Tunachelewa."

Jiwe akaachia.